Mzee wa Kokwet na Hakimu

Katika nchi ya Wanandi, jirani na Eldoret, hapo kale mwamuzi hakuteuliwa na serikali. Majirani walikutana chini ya mti katika baraza liitwalo kokwet, na kwa mapatano wakamkubali mzee mmoja awaongoze, mtu mwenye subira na ajuaye mila. Kazi yake ilikuwa kusikiliza pande zote mbili, kisha kutamka neno lililoafikiwa na baraza zima. Hakuwa na jela. Nguvu yake ilikuwa ridhaa ya jirani zake. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Maskini aliyemshtaki tajiri mbele ya rafiki za tajiri huyo, alipata haki gani?

Shaka hiyo iko hata Marekani, ambako katika majimbo mengi mahakimu huchaguliwa kwa kura, na mtu aweza kuhukumu huku akiuwaza uchaguzi ujao.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria ya mwaka 1967 iliziondoa mahakama za Kiafrika zilizowekwa na wakoloni, na kesi zikapelekwa kwa mahakimu walioajiriwa. Katiba ya 2010 yamtaka hakimu atii katiba na sheria tu. Lakini yaagiza pia kwamba njia za jadi za usuluhishi zikuzwe, mradi zisivunje haki za binadamu. Basi wazee wangali wakipatanisha wagombanao juu ya mipaka ya mashamba, na asiyeridhika hushika njia ya mahakamani, Kapsabet au Eldoret.