Ujira, Kodi na Mamlaka ya Maandishi: Kipande katika Kenya ya Kikoloni

Historia ya kodi katika Kenya ya kikoloni huelezwa mara nyingi kama historia ya viwango. Insha hii inadai kwamba mgogoro ulihusu pia maandishi ya ujira: nani aliyeyaandika, na nani aliyebeba hasara yalipokwenda kinyume na haki.

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiolipa kodi ya nyumba. Kodi hizo hazikupimwa kwa kipato. Kibarua aliyepunjwa alidaiwa kiasi kilekile alichodaiwa mwenzake aliyelipwa kikamilifu. Kwa hiyo kila senti iliyozuiwa na mwajiri ilipunguza riziki ya kaya, wala si mapato ya Serikali.

Sheria ya Uandikishaji wa Wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanaume Mwafrika kubeba kipande. Humo ziliwekwa alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kazi na kiwango cha ujira. Aliyeshika kalamu ni mwajiri. Kibarua aliyeondoka bila kipande chake kutiwa saini aliweza kushtakiwa kuwa mtoro, hata kama alikuwa amedhulumiwa. Aidha, ujira mdogo uliokwisha kuandikwa ulimpa mwajiri mpya sababu ya kutoongeza.

Mwaka 1921 mambo hayo yalikutana. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, na walowezi wakaazimia kupunguza ujira kwa theluthi moja, ilhali kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Harry Thuku, mfanyakazi wa simu katika Hazina mjini Nairobi, aliongoza upinzani kupitia East African Association, akiunganisha ujira, kodi na kipande katika dai moja. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi. Hesabu rasmi ilitaja vifo 21.

Mwaka huohuo kodi ilishushwa hadi shilingi 12, lakini kipande kiliendelea hadi miaka ya 1940. Tofauti hiyo ndiyo inayobainisha hoja: Serikali ilikubali kurekebisha kiwango, ila haikukubali kumpa mfanyakazi sauti juu ya maandishi yaliyoamua stahili yake.