Mtoto wa Khadija Kopa: Ujana, Utambulisho na Kazi ya Kutunga Wimbo

Aprili 2020, lebo ya WCB Wasafi ya Dar es Salaam ilimtambulisha msanii mpya kutoka Zanzibar, Zuhura Othman Soud, aliyekuwa na umri wa miaka 26, kwa jina la Zuchu. Mkusanyiko wake wa kwanza ulikuwa na nyimbo saba na uliitwa I Am Zuchu. Jina hilo ni la Kiingereza, nyimbo zenyewe ni za Kiswahili, na mmojawapo, "Mauzauza", aliuimba pamoja na mama yake mzazi, Khadija Kopa, malkia wa taarabu ambaye hahitaji kutambulishwa kwa msikilizaji yeyote wa mwambao. Binti anatangaza kwamba yeye ni fulani, na katika kujitangaza huko anamkaribisha mama yake kwenye kipaza sauti.

Tangu hapo wanaomzungumzia wamegawanyika. Wapo wanaomwona mrithi aliyepokea kijiti, na wapo wanaosema ameikimbia taarabu akafuata midundo ya kuazima. Pande zote mbili zinauliza swali lilelile: muziki huu ni wetu au si wetu? Makala haya yanadai kwamba swali hilo limewapotosha walinzi wa utamaduni kwa zaidi ya miaka 60. Kinachorithiwa katika muziki wa Waswahili ni namna ya kuyatumia maneno mbele ya watu, na urithi huo umehama kutoka jukwaa moja hadi jingine bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hatari inayoukabili imo zaidi ndani ya mkataba kuliko ndani ya mdundo.

Shaka juu ya vijana na muziki wao ni ya siku nyingi kama Jamhuri yenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka huo alitimiza miaka 40, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mambo hayo mawili yaliwekwa chini ya paa moja kwa makusudi. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule waliijua rumba, cha-cha-cha, twist na hata foxtrot, ilhali wengi wao hawakuwahi kuona wala kusikia gombe sugu, mangala au kiduo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Novemba 1969 ikafika zamu ya muziki wa soul, uliopigwa marufuku Dar es Salaam. Tusisahau kwamba walioisimamia operesheni hiyo mitaani walikuwa vijana vilevile. Mmoja alivaa sare ya Umoja, mwenzake suruali ya kubana, na kila mmoja alijiona ndiye Mtanzania wa kisasa.

Rumba iliyosikitikiwa mwaka 1962 leo inaitwa zilipendwa. Redio ikiipiga, wazee hutikisa kichwa na kusema huo ndio muziki wetu. Mbaraka Mwinshehe, aliyelikuza gitaa la Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Januari 1979 akiwa na miaka 34. Kwa kipimo cha Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, inayomhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35, alikufa kijana. Hakuna anayemkumbuka hivyo, kwa sababu muziki wake umekwisha kuzeeka kwa niaba yake.

Historia ikajirudia kwa kizazi cha rap. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza akiwa na mashairi ya Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice. Mtu angeweza kucheka, na wengi walicheka. Lakini sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, kicheko kile kilikuta vijana wamekwisha kuyajaza madaftari mistari. Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi, alionyesha kwamba albamu nzima ya rap ya Kiswahili inaweza kununuliwa. Mwaka 2001 Professor Jay akatoa "Ndiyo Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukimwitikia kwa utii. Ni kejeli kali, na nguvu yake iko kwenye kiitikio: anayedanganya ni mwanasiasa, lakini anayemruhusu kudanganya ni hadhira. Mr. II alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Vijana waliowasema wazee wakakaa kwenye viti vyao, na muziki wao, Bongo Fleva, bado unaitwa wa kizazi kipya.

Ndiyo maana utambulisho wa msanii kijana hautafutwi kwenye umri wala kwenye ala. Tuingie jikoni, wimbo unapopikwa.

Katika taarabu ya mtindo wa zamani, maneno hutangulia. Mtunzi huandika shairi kwanza, kwa kawaida kwa vipande vya mizani minane minane, akalipima, akalikabidhi kwa mtiaji sauti. Baada ya hapo ndipo fidla, udi, ganuni na ngoma hutafutiwa mahali. Mwimbaji hupokea kitu kilichokwisha kukamilika kama shairi, na kazi yake ni kukipa roho. Studio ya Bongo Fleva hugeuza mpangilio huo. Prodyuza ana mdundo tayari kwenye kompyuta. Msanii huvaa vipokea sauti, huusikiliza ukizunguka mara kadhaa, kisha huanza kuguna na kuimba silabi zisizo na maana mpaka sauti ipate njia. Maneno huja mwisho na hukatwa yaenee kwenye nafasi zilizobaki. Anayeipima Bongo Fleva kwa vina na mizani bila kujua hilo anampima fundi seremala kwa timazi ya mwashi.

Hata hivyo, mtoto aliyekulia penye mashairi hubeba kitu anapoingia kwenye studio hiyo. Katika "Sukari", wimbo ulioachiwa Januari 2021, Zuchu amejenga kila kitu juu ya taswira moja ya mapenzi na kuigeuzageuza mpaka mwisho bila kuitoka. Hiyo ni mbinu ya taarabu: kukishika kitu kimoja, tunda, ua, chombo au kitoweo, na kukisemea mambo yasiyosemeka waziwazi. Mdundo ni wa dansi za leo, lakini msikilizaji wa Ng'ambo ya Unguja anajua anakopelekwa tangu ubeti wa kwanza.

Muhimu zaidi ni jinsi hadhira inavyoutumia wimbo. Aliyewahi kuhudhuria onyesho la taarabu ameona kutunza. Mama mmoja anainuka kitini, noti imeinuliwa juu kwa vidole viwili, anacheza polepole kuelekea jukwaani. Haendi moja kwa moja. Anapitia mbele ya meza fulani, anapunguza mwendo, anaangalia pembeni kama hamwoni aliyekaa pale, na mstari unaomhusu ukifika ndipo anampa mwimbaji noti yake. Ukumbi mzima umeelewa, na hakuna jina lililotajwa. Mwimbaji amelipwa, aliyelengwa amepigwa, na aliyepiga anaweza kuapa kwamba alikuwa akifurahia muziki tu. Katika miaka ya 1990 ushindani wa Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano uliifanya sanaa hiyo ya mipasho kuwa burudani ya taifa.

Bongo Fleva haina ukumbi wa namna hiyo, lakini ina simu. Msichana wa Temeke aliyeachwa wiki iliyopita huchukua sekunde chache za wimbo, huziweka kwenye status ya WhatsApp, kisha hufungua orodha ya walioitazama kumtafuta mtu mmoja tu. Akiulizwa, atasema aliupenda wimbo. Noti imeondoka, meza imeondoka, fidla imeondoka. Tendo limebaki vilevile: kumsema mtu kwa kinywa cha mwimbaji na kubaki na nafasi ya kukana. Hapo ndipo ulipo urithi wa Zuchu kutoka kwa mama yake, na vijana wasiowahi kukanyaga ukumbi wa taarabu wameurithi pia.

Muziki wa singeli unathibitisha jambo hilo kwa njia ya kelele zaidi. Katika Manzese, Tandale na Mburahati, vijana walizichukua ngoma za uswahilini, mchiriku na vipande vya ala za taarabu ya kisasa, wakavizungusha na kuviharakisha hadi mapigo 200, wakati mwingine 300, kwa dakika. Hawakuitisha semina ya utambulisho. Walikuwa na sherehe za vigodoro za kuchangamsha na kompyuta iliyokwisha kuchoka. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso, wasikilizaji wa Ulaya waliipokea kama muziki wa kesho. Baadhi ya wasomi wa nyumbani bado walikuwa wakiuliza kama ule ni muziki.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Yawezekana hadhira ikaendelea kutumia maneno kwa namna ya Kiswahili huku sauti yenyewe ikimezwa: jana Afrobeats ya Nigeria, leo amapiano ya Afrika Kusini. Pingamizi hili halipuuziki. Nyimbo nyingi za Dar es Salaam zilizotoka baada ya 2020 zimetumia besi ileile ya amapiano mpaka zinachosha, na msanii asiye na la kusema hujificha humo vizuri sana. Lakini kuazima peke yake si kosa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini Unguja mwaka 1911 akiwa mtu wa tabaka la chini, aliichukua taarabu ya kasri, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda kuirekodi Bombay. Ala zilikuwa za kuja. Mahakama, wizi, dhuluma na mapenzi aliyoyaimba yalikuwa ya Unguja. Leo taarabu hiyo ndiyo tunayoambiwa ni ya asili na inahitaji kulindwa dhidi ya vijana.

Vilevile mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia kwa sura mpya, katika "Salome", wimbo wa Saida Karoli wa Bukoba uliokuwa umetamba miaka ya mwanzo ya 2000. Watoto waliokuwa wachanga Saida alipovuma wakaanza kumtafuta. Hakuna baraza lililoagiza.

Mabaraza yamejishughulisha zaidi na kufungia. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliupiga marufuku wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa kukosa maadili, na Desemba likawasimamisha wote wawili kufanya maonyesho baada ya kuuimba jukwaani. Machi 2024 Zuchu naye alifungiwa miezi sita Zanzibar na baraza la huko, BASSFU, kutokana na onyesho lake la Kendwa. Mtu anaweza kukubali kwamba jamii ina haki ya kujiwekea mipaka na bado akaona tatizo: adhabu hizo humgusa msanii pale tu anapoudhi. Siku anapotia saini, baraza halipo.

Na siku ya kutia saini ndiyo siku utambulisho wake unapouzwa au kubaki. Mwimbaji wa miaka 20 asiye na fedha za studio, video wala matangazo hana la kubishania. Lebo inamlipia vyote, na pamoja na hayo mara nyingi inashika rekodi, akaunti za mitandaoni na fungu la mapato ya jukwaani. Harmonize, aliyeondoka WCB mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru. Lebo nayo ina hoja yake, kwa kuwa iliweka mtaji kwa kijana ambaye benki isingemkopesha. Lakini tunapojadili iwapo kijana anaimba kama Mswahili au kama Mnigeria, tukumbuke kwamba huenda hata uamuzi wa mdundo haukuwa wake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki, inatofautisha haki ya mtunzi na haki ya mwenye rekodi. Tofauti hiyo ndogo kisheria ndiyo inayoamua kama wimbo utamlisha aliyeutunga akifika miaka 50, umri ambao mama yake Zuchu amekwisha kuupita akiwa bado anaimba. Ni wasanii wangapi wanaoelezwa tofauti hiyo, kwa Kiswahili cha kueleweka, kabla ya kalamu kugusa karatasi?

BASATA na BASSFU zikitaka kweli kuulinda utamaduni, zitoe mkataba wa mfano kwa Kiswahili, zimwekee msanii chipukizi mwanasheria wa kumsomea, na zikatae kusajili kazi yoyote ambayo mtunzi wake hakutajwa. Wataalamu wa fasihi na muziki nao wapunguze kuhesabu maneno ya Kiingereza kwenye nyimbo za vijana, na utafiti wao ujao waanze kwa kuomba nakala za mikataba.