Sonona Isiyoandikwa Mathari

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo ya kuwatengea wagonjwa wa ndui, na kwa muda mrefu iliendelea kuwa mahali pa kutenga. Aliyepelekwa huko aghalabu alikuwa amevuruga mji au shamba la mlowezi. Aliyejikunyata nyumbani, hali wala hasemi, hakumsumbua askari yeyote. Kwa hiyo J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza tangu 1938, asomwe kwa tahadhari. Katika kitabu chake cha 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Alihesabu waliopita langoni, akalihukumu bara zima!

Mwenye skizofrenia alipotezwa mara mbili. Tangu miaka ya 1890 daktari wa akili Mjerumani, Emil Kraepelin, alikuwa ameutenga ugonjwa huo na yale ya hisia, hivyo huzuni ya mgonjwa haikuwa na safu yake kwenye daftari, na ubora wa maisha yake ukapimwa kwa utulivu wa wodi. Wapo watakaopinga wakisema kwamba ukimya, uso mkavu na mwili uliolemewa na dawa hufanana na sonona bila kuwa sonona. Ni kweli. Ndiyo sababu kipimo cha Calgary cha sonona kwa wenye skizofrenia, kilichotungwa Kanada na kuchapishwa 1990, humwuliza mgonjwa mwenyewe kuhusu kukata tamaa, kujilaumu, kuamka mapema kupita kawaida na kutaka kujiua. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa kuchungulia dirishani.