Ukoko Uliopanda Cheo

Kijiji cha Illhaeusern kiko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, pale mto Fecht unapojimwaga katika mto Ill. Ukingoni hapo ukoo wa Haeberlin umekuwa ukilisha watu tangu karne ya 19. Zamani nyumba yao iliitwa Mti wa Kijani, na sifa yake ilikuwa mchuzi wa samaki wa mtoni uliopikwa kwa mvinyo mweupe. Vita vya Pili vya Dunia vikaibomoa. Ikajengwa upya, ikafunguliwa mwaka 1950 kwa jina la Auberge de l'Ill: Paul akashika jiko, na ndugu yake Jean-Pierre, aliyekuwa mchoraji, akashika ukumbi wa wageni. Mwaka 1967 kitabu cha Michelin kikaitunuku nyota tatu, maana yake kwa msamiati wa kitabu hicho ni kwamba mahali hapo panastahili safari yenyewe. Ilidumu nazo hadi 2019, ilipobakiwa na mbili, ambazo maana yake ni kwamba panastahili mtu akengeuke njia yake. (Mwaka huohuo wa 1967 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuanzisha BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Sidai kwamba mambo hayo mawili yana undugu, ila mpenda istilahi hufurahia sadfa kama hizo.)

Mlo wa nyumba ya namna hiyo una maneno mengi kuliko sahani, na anayejaribu kuusimulia kwa Kiswahili hukwama mlangoni, kabla hajaketi. Auberge ni nini? Ukisema nyumba ya wageni, mtu wa Dar es Salaam atasikia gesti, na gesti ni neno ambalo watu hulisema kwa kupunguza sauti. Ukisema hoteli, hujasema kitu: hoteli ni jengo la ghorofa 20 lenye bwawa la kuogelea, na hoteli ni pale kwa chapati na maharage karibu na stendi. Mgahawa nao haulazi watu. Auberge ni nyumba ya shamba au ya njiani ambamo unakula kwanza, tena unakula vizuri, na kitanda kinakuja baadaye kwa kuwa usiku umeingia na mvinyo umekolea.

Neno lenyewe halina adabu za kuzaliwa nazo. Asili yake ni lugha za kale za Wajerumani: sehemu moja ni jeshi, ya pili ni kuhifadhi. Lilikuwa kambi ya askari walioko njiani. Likaingia katika lugha za kusini mwa Ufaransa, likapanda hadi Kifaransa, na hatimaye likabandikwa kwenye kibao cha nyumba iliyoko Alsace, jimbo ambalo lahaja yake ya nyumbani ni ya jamii hiyohiyo ya Kijerumani. Yaani neno lilizunguka nchi nzima likarudi kwao limevaa koti la Kifaransa. Ndugu yake mmoja alikwenda Uingereza, akaishia kuwa bandari. Sisi tunalo neno la hadhi hiyohiyo ya mwanzo: dago, kambi ya wavuvi wanaohamia ufukwe wa mbali kwa msimu, wakapika na kulala hapohapo. Lingepata bahati ya kupita katika majumba ya wakubwa, leo pengine tungekuwa na dago la nyota tatu.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tukikutana na istilahi za meza ya Kifaransa huingiwa na haya. Tunaona zimezaliwa zikiwa na hariri mwilini, na maneno yetu ya jikoni yananuka moshi. Ukizifuata hadi chimbuko utazikuta nazo zinanuka moshi.

Restaurant, kwa mfano. Katika Paris ya karne ya 18 lilikuwa jina la supu, mchuzi mzito wa nyama wa kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofu. Baadaye jina la supu likahamia kwenye nyumba inayoiuza. Nasi tulifanya vilevile: kahawa ikazaa mkahawa, ingawa Watanzania kwa kutamka mgahawa tumeificha kahawa kidogo.

Umeshaketi. Kinaletwa kinywaji cha kwanza, apéritif, neno lenye asili ya Kilatini ya kufungua. Hapa tafsiri inajileta yenyewe, nayo ni mtego. Kifungua kinywa kwetu ni cha asubuhi, sawa na staftahi, ambayo nayo ilitoka kwenye Kiarabu ikiwa na maana ya kufungua. Mwambie mgeni saa mbili usiku kwamba kifungua kinywa kinakuja, atauliza maandazi. Kinachofuata, kile kijitonge kimoja kinachotangulia mlo, Wafaransa hukiita amuse-bouche, cha kufurahisha kinywa, lakini nyumbani kwao wengi husema amuse-gueule, na gueule ni mdomo wa mnyama. Ni tofauti ileile ya kinywa na domo. Mimi kitu hicho nakiita kionjo bila kusita. Wanamuziki tayari wamelichukua neno hilo kwa ajili ya madoido ya wimbo, na sioni kwa nini jiko, ambalo ndilo lenye haki nalo, lidaiwe kodi.

Ugumu wa kweli huanza baada ya hapo, nao si wa neno moja. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na katika kuueleza ilitaja mpangilio wake: kinywaji cha kufungulia, kisha angalau sahani nne zinazofuatana, yaani cha kuanzia, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, na kitamu cha mwisho, halafu kileo cha kufungia. Msamiati wa meza hiyo ni wa zamu: hiki kabla, hiki katikati, hiki baada. Msamiati wetu ni wa ushirika. Kitoweo hakina saa, kina mwenzake. Samaki huyohuyo ni kitoweo akikaa na ugali, na akiliwa peke yake watu watauliza chakula kiko wapi. Vyote vinafika pamoja juu ya sinia, na mlaji ndiye anayeamua tonge lipi litangulie.

Wala tusidhani kwamba zamu hiyo ni ya milele huko Ufaransa. Hadi karne ya 19 meza za wakubwa wao zilijazwa sahani nyingi kwa mara moja, na kila mtu akajihudumia kilicho karibu naye. Mtindo wa kuleta sahani mojamoja waliuita wa Kirusi, na mpishi Urbain Dubois ni miongoni mwa walioupigania hadi ukakubalika. Sinia kwa hiyo si jambo la kigeni kwao, ni jambo walilolisahau.

Wafanyakazi wa hoteli zetu husema kozi: mlo wa kozi tatu, mlo wa kozi saba. Neno hili silipendi. Mlo wa kozi saba unasikika kama kitu ambacho mtu humaliza kwa kupewa cheti. Chakula hupakuliwa, na kila jiko linapopakua upya ni mpakuo. Mlo wa mipakuo saba. Jaribu kulitamka mara mbili tatu, utaona halikwami kooni. Na kwa ule mpakuo wa mwisho hatuhitaji kubuni chochote. Dessert kwa Kifaransa hutokana na kuondoa vyombo mezani. Ni kile kinachokuja baada ya meza kusafishwa. Kiswahili kina kitindamlo, ndugu wa kitindamimba, yule mtoto wa mwisho ambaye kila mtu anamdekeza. Kati ya maneno hayo mawili nachagua letu, na si kwa uzalendo. Lao linazungumzia kazi ya mhudumu, letu linazungumzia utamu wa nafasi yenyewe.

Jikoni ndiko kwenye utajiri. Braiser, tendo linaloheshimiwa sana na wapishi wa Kifaransa, limetokana na makaa ya moto. Chombo chake cha kale kilikuwa na mfuniko wenye bonde ili makaa yakae juu, na nyama iive kwa moto wa chini na wa juu. Mpishi yeyote wa pwani atakuambia hilo ni kupalia. Wali hupaliwa hivyohivyo: maji yakikauka, unapunguza moto chini, unafunika, unaweka makaa juu ya mfuniko. Nimesoma mapishi yaliyotafsiriwa yakisema pika kwa moto mdogo katika chombo kilichofunikwa, maneno saba kwa kazi ya neno moja lenye vokali tatu. Alsace yenyewe ina baeckeoffe, jina lenye maana ya tanuri la mwokaji: nyama ya ng'ombe, ya kondoo na ya nguruwe hulala usiku kucha katika mvinyo mweupe, kisha hupangwa na viazi katika chombo cha udongo ambacho mfuniko wake huzibwa kwa kinyunga, na kikaachwa kiive polepole.

Gratin je? Leo ni sahani yenye gamba la rangi ya dhahabu juu. Mwanzo lilikuwa lile linalogandia chombo na kukwanguliwa. Ukoko! Kile kile ambacho watoto hugombania sufuria likishaepuliwa. Wafaransa hawakuishia hapo. Katika karne ya 19 mitaa ya Paris ilianza kuwaita matajiri na watu wa nasaba le gratin, na hadi leo ukisikia kwamba gratin yote ilihudhuria arusi fulani, ujue wanaozungumziwa ni vigogo. Sijui vigogo wetu wangeipokeaje habari ya kuitwa ukoko wa taifa.

Orodha ya vyakula iliyoijengea Auberge de l'Ill jina ina samoni soufflé. Neno hilo linatokana na kupuliza: juu ya kipande cha samaki hupakwa rojo la samaki mwingine lililopigwa likawa jepesi, na ndani ya joko linainuka. Unga wa maandazi ukifanya hivyo tunasema umeumuka, basi huyo ni samoni wa kuumuka. Ipo pia mousseline ya vyura. Msomaji wa Lamu aliyekwisha kunja uso kwa ajili ya chura avumilie kidogo, kwa maana neno la kwanza ni la kwake. Mousseline ni kitambaa kabla ya kuwa chakula, kimeitwa kwa jina la mji wa Mosul, na kitambaa hicho pwani yetu inakijua tangu enzi za majahazi. Ni melimeli, ile ya kilemba. Melimeli ya vyura: wepesi wote umo humo.

Anayemimina mvinyo ni sommelier. Babu wa jina lake alikuwa mchunga wanyama wa mizigo. Akapanda akawa msimamizi wa mizigo ya bwana, kisha wa vyakula vyake, kisha wa pishi la mvinyo. Biblia ya Kiswahili ina mnyweshaji, yule aliyefungwa pamoja na Yusufu kule Misri, nami simwoni anayestahili cheo hicho zaidi. Mnyweshaji akitaka kueleza jinsi mvinyo mwekundu unavyokamata ulimi na fizi, asihangaike: ukakasi. Aliyewahi kung'ata bibo ambalo halijaiva anaujua. Tanzania inakamua mvinyo wa zabibu za Dodoma, kwa hiyo msamiati huu una kazi ya kufanya hapa nyumbani.

Kuna cheo kimoja ambacho hakihitaji tafsiri yoyote. Lyon ilikuwa na wanawake wapishi waliojulikana kwa jina la mère, mama. Mère Fillioux, Mère Brazier. Huyu wa pili, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alipata nyota tatu za Michelin kwa kila moja ya nyumba zake mbili, moja mjini Lyon na nyingine milimani nje ya mji, Col de la Luère. Mpishi Paul Bocuse alijifunza kazi huko milimani akiwa kijana, na kukamua ng'ombe kulikuwa sehemu ya mafunzo. Sahani yao mashuhuri ilikuwa kuku aliyechomekwa chini ya ngozi vipande vyeusi vya uyoga wa ardhini, akaitwa kuku wa nusu msiba, kwa weusi juu ya weupe. Kuku aliyejitanda kaniki, tungesema. Na kina mama hao tungewaita nini kama si mama ntilie? Tofauti ni kwamba kule jina la mama lilipanda pamoja na mpishi wake, wakati hapa mama ntilie akifanikiwa huharakisha kubadilisha kibao aandike neno la Kiingereza.

Mwisho huja hesabu. Rasmi ni l'addition, jumla. Kimtaani huitwa la douloureuse, yenye maumivu. Huduma imeshaingizwa humo, lakini mgeni aliyeridhika huongeza kidogo mezani, na kidogo hicho ni pourboire, ya kunywea. Kiswahili kilifika hapo bila kuongozwa na mtu: hela ya soda, au kwa kifupi chai. Ila chai yetu imetembea sana, imeingia hadi katika ofisi ambazo hazijawahi kumpakulia mtu hata kijiko.