Bab Zuweila, Lango la Kusini la Kairo

Bab Zuweila, lango la kusini la Kairo ya kale, lilijengwa mwaka 1092 kwa amri ya Badr al-Jamali, waziri Mwarmenia wa dola ya Wafatimi, ukuta wa mawe uliposhika nafasi ya ule wa matofali ya udongo. Jina lake limetokana na askari wa Kiberberi wa kabila la Zuwayla waliokaa jirani.

Lango hili limeshuhudia mauti mengi. Mwaka 1260 Sultani Qutuz aliwaua wajumbe wa Wamongolia, vichwa vyao vikatundikwa hapa. Mwaka 1517 Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Wamamluki, alinyongwa papa hapa kwa amri ya Sultani Selim wa Kwanza wa Uthmaniya.

Minara yake miwili, ambayo ndiyo fahari yake kubwa, ni ya karne ya 15. Al-Mu'ayyad Shaykh aliwahi kuteseka katika gereza lililokuwa kando ya lango. Alipopata usultani alilibomoa, akajenga msikiti na kuisimamisha minara hiyo juu ya buruji za lango.

Baadaye wagonjwa walizoea kupigilia misumari na kutundika meno yao kwenye milango, wakiomba shifaa kwa walii al-Mitwalli. Ukarabati ulioanza mwaka 1998 na kukamilika mwaka 2003 uliyasafisha mawe na kuihifadhi milango hiyo mizito ya mbao iliyovikwa chuma. Leo mgeni hupanda ngazi hadi minarani, na upande wa kusini huuona mtaa wa Khayamiya, wanakoshona mafundi wa mahema.