Milango wazi (urithi wa majengo)

Milango wazi ni desturi ya kufungua majengo ya kale au yasiyo ya kawaida ili umma uyatembelee bila kiingilio, kwa siku maalumu. Ufaransa ilianza mwaka 1984. London ilifuata mwaka 1992, ikiwakaribisha watu hata ndani ya ofisi na nyumba za watu binafsi.

Magharibi mwa Kenya, desturi hii ina sura nyingine. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha makumbusho yake mwaka 1926 na kuurithisha umma vitu vyake alipofariki mwaka 1966. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Uani kuna nyumba za jadi za jamii za eneo hilo, na pengine hizo ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza, kabla ya ndege waliokaushwa walio ndani. Kwa kawaida mgeni hulipa, ila Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yanayoyasimamia ya Kitale, yamewahi kuondoa kiingilio Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, 18 Mei.

Karibu na Lugulu, juu ya Webuye, ipo Ngome ya Chetambe, ambayo haina mlango wa kufunguliwa: ni handaki lililochimbwa kuzunguka kilele cha kilima. Hapo Wabukusu walishindwa na majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na C. W. Hobley mwaka 1895, baada ya ngome yao ya Lumboka kuanguka.