L59: Chombo ambacho hakikufika Umakondeni

Tukubaliane kwanza kuhusu jina. L59 haikuwa ndege ya mabawa. Ilikuwa Zeppelin, puto refu la mita 226, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa, lenye mifupa ya chuma chepesi na tumbo lililojaa haidrojeni. Mwaka 1917 Wajerumani waliiandaa kwa safari moja tu: kutoka Jamboli, Bulgaria, hadi kusini mwa Tanzania ya leo, kumpelekea Paul von Lettow-Vorbeck silaha na dawa.

Kurudi hakukuwepo kwenye mpango, maana huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza tena. Basi wakapanga chombo chenyewe kiliwe chote. Kitambaa cha nje kiwe mahema, cha ndani kiwe nguo, mifupa iwe mnara wa redio, hata ngozi ya ujia wa ndani igeuzwe viatu. Nimesoma mengi kuhusu vita ile, ila mpango huu ndio ulionifanya niifuatilie L59 hadi mwisho wake.

Iliondoka Novemba 21, ikiongozwa na Ludwig Bockholt, ikiwa na shehena ya tani 15 hivi: bombomu 30, risasi zaidi ya laki tatu, bendeji, barua, vifaa vya kushonea. Ikavuka Mediterania, ikaingia jangwani. Mchana joto lilipanua gesi, usiku baridi ikaibana, chombo kikawa kinapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Injini ya mbele ikafa, na hiyo ndiyo iliyoendesha mtambo wa kutuma ujumbe. Kwa hiyo waliweza kusikia, lakini wasiweze kujibu.

Walichosikia, wakiwa magharibi ya Khartoum, ni amri ya kurudi. Kuna hadithi tamu eti Waingereza ndio waliotunga ujumbe ule. Mimi hainiingii akilini. Berlin yenyewe ilikuwa imeshapata habari kwamba Lettow amesukumwa kutoka eneo walilotegemea kutua. Chombo kikageuka, kikatua Jamboli Novemba 25 baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Siku hiyohiyo Lettow alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Wapenzi wa Zeppelin huishia hapo, kwenye rekodi. Hebu tupige hesabu nyingine. Mpagazi wa vita ile alibeba kama kilo 25. Tani 15 ni vichwa 600. Nani angezitoa Umakondeni risasi zile, na kwa chakula gani? Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Upande wa Waingereza walituachia jina Kariakoo. Orodha ya shehena ya L59 imehifadhiwa hadi vifaa vya kushonea. Orodha ya vichwa 600 hakuna aliyejali kuiandika.

L59 yenyewe haikudumu. Machi 1918 ilishambulia Naples kwa mabomu. Aprili 7 iliondoka kwenda kupiga Malta. Usiku, kwenye mlango-bahari wa Otranto, mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani UB-53 waliiona ikipita juu yao, chini kiasi cha kuonekana vizuri. Baadaye kidogo wakaona moto mkubwa angani, kisha ukaanguka baharini. Watu 21 walikufa, Bockholt akiwemo. Si Waitaliano si Waingereza waliodai kuiangusha, jambo ambalo katika vita ni nadra sana. Ajali ndiyo maelezo ya kawaida, na kwa gesi ile pembeni ya injini za petroli, sioni sababu ya kutafuta mengine.

Vita huku iliendelea bila shehena yake. Lettow aliteka bunduki na risasi za Wareno, akazunguka Msumbiji, akarudi Tanzania, akaingia Zambia. Alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, Novemba 25, 1918, akiwa bado na wapagazi.